Hafubeki Huchaguliwa kwa Vipimo, si kwa Ukoo

Jumanne, 6 Agosti 1968. Busia.
Nasema waziwazi: hafubeki huchaguliwa kwa vipimo, si kwa ukoo. Wa katikati, amkabaye senta-fowadi, awe mpana wa kifua. Wa pembeni awe na mapafu, na jicho linasalo pasi kabla haijapigwa. Kamati ya timu imenikabidhi uteuzi wao. Malaba wakitufunga Jumamosi, nanyang'anywa.

Nimeazima utepe wa Jamiru, fundi cherehani. Nimepima vifua kumi na vinne. Wabwire, mpakiaji wa sokoni: inchi arobaini na mbili! Ukuta! Jamiru akauliza kama nachagua timu au nashona makoti.

Alhamisi, 8 Agosti.
Mzee Etyang, mteuzi wa kabla yangu, kaja mazoezini na swali moja kwa kila mchezaji: umeoa wapi? Nikamwambia huu ni mpira, si posa. Akajibu kwa upole, "Bwana digrii, Busia na Malaba ni boma moja." Hoja dhaifu. Wabwire naye akaanza kunieleza habari za Egwang, senta-fowadi wa Malaba. Nikamkatiza: mwanamume haogopi jezi.

Jumamosi, 10 Agosti.
Msiba! Egwang, mkongwe wa miaka arobaini, kitambi kikimtangulia, kafunga matatu. Kila alipokuja na mpira, Wabwire aliinamisha kichwa akampisha, kama mtu apishaye mgeni mlangoni. Nikapaza sauti: mvamie! Mwangushe! Nasimiyu, muuza dagaa wa omena, akaniuliza nimelelewa na nani.

Ndipo nikaelezwa. Tangu Aprili, Wabwire ni mume wa binti Egwang. Kumgusa baba mkwe huku ni mwiko, sembuse kumwangusha mbele za watu! Nilimkemea hata hivyo. "Boss," akasema, "wewe utapata timu ingine. Mimi bibi yangu ni huyo huyo."

Jumapili, 11 Agosti.
Kamati imemrudishia Mzee Etyang uteuzi. Papo hapo kamhamishia Wabwire pembeni, mbali na mkwewe, na katikati kamweka Perez, kapera, mwembamba kama ufito. Wote wanasifu hekima hiyo. Mimi naiona ni sayansi kupigishwa magoti. Sioni nilipokosea, labda tu Wabwire alipaswa kuwa mpana zaidi.

Nimebandika barua langoni mwa soko. Namtaka Mzee Etyang ajitokeze Jumamosi saa nne, mbele ya umma, anisomee ni kanuni ipi ya mpira inayomtaja baba mkwe. Ajibu!