Chai ya Msiba Isihesabiwe Mwilini

Karibu na Mlalo, Lushoto
Agosti 1975

Ndugu Mganga wa Zahanati ya Kijiji,

Pole na kazi, na hongera kwa dirisha jipya. Mimi ni Efrazia, mjane wa Mika; ndimi yule mwenye kisukari uliyemkataza chai ya sukari. Nalalamika kwa heshima zote.

1. Tangu tumzike Mika, watu wanakuja kunipa pole na sukari iliyofungwa kwenye gazeti, wakati dukani haipatikani. Wifi yangu Secilia, dada mkubwa wa marehemu, aliibeba kwa miguu kutoka Mlola. Ananimiminia, anajimiminia na yeye, anasema, "Kunywa, wifi, kaka asije akasema tumekutupa." Nitakataaje? Mika alikuwa akionja kikombe changu kwanza kuhakikisha hakina sukari, nami nikakipokea kimebaki nusu. Sasa hakuna wa kuonja.

2. Juzi ulipochemsha mkojo wangu na ile dawa ya buluu, uligeuka rangi ya tofali, ndiyo dalili ya sukari nyingi, mbele ya foleni nzima. Mzee Sefania akauliza kama huo ndio mchango wangu wa kujenga shule. Mfiwa hachekwi hivyo, ingawa na mimi nilicheka.

3. Unasema kukojoa sana kunanimaliza maji na chumvi za mwili, ndiyo maana miguu inakakamaa. Basi nikatia chumvi kwenye chai ya sukari, vilingane. Ukanigombeza! Nchi nzima inahimizwa usawa, mwilini mwangu unaukataa.

4. Chumvi inaondoka bila kuagizwa, sukari imekaa kwenye damu kama kabaila. Kosa langu liko wapi?

Kwa hiyo naomba kamati ya kijiji ipitishe azimio kwamba chai ya msiba isihesabiwe mwilini mpaka matanga yaishe. Ikishindikana, uje wewe ukae mkekani kando yangu, unywe vikombe vyangu.

Nisalimie mkeo, watoto, mkunga, na wagonjwa wote watakaokuwa kwenye benchi barua hii ikifika.

Ni mimi, mwenye kiu na heshima,
Efrazia Mika

N.B. Nilimpa wifi barua hii aisome kabla sijaifunga. Amecheka mpaka akakaa chini. Kumbe naye ana kisukari, aliambiwa hospitali mwaka jana! Amekuwa akinywa kwa sababu mimi nakunywa, akiogopa nitadhani hamlilii kaka yake. Sukari yote tumewapa vijana waliochimba kaburi. Azimio silitaki tena, kaza amri yako. Kesho asubuhi tunakuja sote wawili, na anaomba umgombeze yeye kwanza, kwa sababu ndiye mkubwa.