Vishikizi vya Boti ya Baba

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Daktari kasema moyo wa Baba umechoka. Tuhesabu wiki, si miezi. Baba hakulia. Aliomba kitu kimoja tu: apelekwe baharini kwa boti yake mara moja kabla hajafa. Kaka mkubwa akadakia kwamba Jumamosi tutampeleka, injini ataishughulikia yeye. Kaka bwana! Hata kwenye huzuni keshawahi kiti cha mbele.

Nami nina langu. Boti ile vitu vyote vinabingirika sakafuni: chupa ya chai, spana, mtungi wa kuzimia moto. Nimenunua mfuko mzima wa plastiki ya kufinyanga. Punje nyeupe kama mchele. Unazitia kwenye maji ya moto, zinalainika, unakanda, unafinyanga utakavyo. Zikipoa, ngumu kama mfupa. Kila kitu kitapata kishikizi chake, kwa kipimo chake! Mke wangu kauliza kwa nini nisigongelee tu kisanduku cha mbao. Watu wa visanduku hawajawahi kuvumbua kitu.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Sufuria kubwa ya mke wangu imepata kazi ya maana. Siri yangu: usipime kwa rula. Chukua kitu chenyewe, kiviringishie plastiki ingali laini, kiache kipoe humo humo. Kinakaa kama mguu kwenye soksi. Kufikia adhuhuri spana, bisibisi, mtungi wa moto na chupa ya chai vyote vimesimama ubavuni mwa boti. Nilitaka kulia kwa furaha.

Kaka akaja. Akavuta mtungi. Hautoki. Akaweka mguu ubavuni, akavuta tena. Akauliza: moto ukiwaka, tuupeleke huo moto mtungi ulipo? Fundi wa injini aliyekuja naye akacheka mpaka akakaa chini. Nikawaeleza kwamba kukaza ndio ubora wenyewe, vitalegea kwa matumizi. Wivu tu. Kelele za mlango hazinikoseshi usingizi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Siku yangu! Baba aliletwa gatini kwenye kiti, aone maandalizi. Mikono inamtetemeka, na ndani ya boti hana pa kujishikilia. Wazo likanijia papo hapo. Nikakanda donge, nikalibandika ukingoni kando ya kiti chake, juu ya skrubu mbili, nikamwomba alifumbate. Akalifumbata. Tukangoja lipoe, mkono wangu juu ya wake. Wake ulikuwa wa baridi, mwepesi mno. Alipoachia, vidole vyote vilikuwa mle, hata kile cha mwisho kilichopindishwa na mnyororo wa nanga kabla sijazaliwa. Mpini wa mkono wake, si wa mtu mwingine.

Akasema ndicho kitu cha kwanza nilichowahi kumtengenezea kikamfaa. Kaka alikohoa, akatazama maji. Nilifurahi na niliumia, sijui kipi kilitangulia.

Chanda chema huvikwa pete. Sasa naingia kwenye injini.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mpira wa mafuta unaning'inia kando ya injini kama utumbo. Aibu! Kaka kasema kitu changu chochote kisisogezwe karibu na injini, tena kaongeza kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikaitikia kwa adabu. Nikasubiri aende nyumbani.

Nimeufunga mpira kwa kishikizi cha pekee, kimeikumbatia injini yenyewe. Nikavuta: imara! Mke wangu kauliza, kama maji ya moto yanailainisha plastiki, je, injini ya moto? Nikamwambia injini si sufuria.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Baba alivaa kofia yake ya kazi. Kaka akawasha injini, akaiacha ingurume ipate joto huku tukimkalisha mzee. Baba akashika mpini wake. Tukafungua kamba. Hatujamaliza hata urefu wa gati nikaona kishikizi changu kinatepeta. Kikalegea, kikauvuta mpira, mpira ukajikunja. Injini ikakohoa, ikazima. Kaka akapiga kelele apewe spana. Spana iko kwenye kishikizi! Tulivuta wawili, tukavuta watatu. Bisibisi hali kadhalika. Kaka akauvuta mpira kwa mikono, ukapasuka, petroli ikamwagika, na sote tukaugeukia mtungi wa moto kwa pamoja.

Tukarudi gatini kwa kupiga kasia. Fundi kasema mpira mpya utapatikana Jumatatu. Baba hakukubali kushuka. Alikaa asubuhi nzima kwenye boti iliyofungwa, mkono kwenye mpini, macho mbele, kama mtu aliye safarini. Kisha akasema haidhuru, Jumatatu si mbali.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Baba amefariki alfajiri. Kofia ilikuwa kitandani, kando yake.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Tumemzika. Kaka hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alifungua zile skrubu, akanikabidhi mpini, akasema boti na kofia vinabaki kwake, huu ni wangu.

Nimekaa nao chumbani. Vidole vyangu vinaingia alipoweka vyake, isipokuwa kile cha mwisho. Nimelia mpaka mke wangu akaja kukaa nami. Kasema niufunge kwenye kitambaa, niuweke kabatini, niuache hivyo hivyo. Kauliza kama nimesikia. Nimesikia.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Kabatini! Kitu kama kile, pamoja na nondo walao nguo na soksi! Kinastahili kukaa mezani, kwenye kishikizi chake. Mke wangu alipokwenda sokoni nikachemsha maji. Siri ni ile ile. Usipime kwa rula. Nikachukua mpini wenyewe, nikauviringishia plastiki ingali ya moto.

Vikagandana. Nikavuta. Wapi! Nikavirudisha vyote kwenye maji ya moto, viachane. Havikuachana. Nilichotoa kilikuwa donge moja jeupe, laini, halina kidole hata kimoja. Nilivitafuta. Nililifumbata nikiita Baba, Baba, na lilipopoa lilikuwa na vidole vyangu mimi, vyote vimenyooka.

Mke wangu karudi, kaona sufuria, kakaa sakafuni na kikapu bado mkononi.

Nimefikiri sana. Kosa ni la maji, yalizidi moto. Na mfuko bado una punje. Kesho nitamwomba Kaka aniazime kofia ya Baba, niitengenezee kishikizi.