Mkojo Bora Kliniki Nzima

Jumatatu, 3 Machi
Nimechaguliwa. Figo zangu zimevimba kiasi cha kutosha kuingizwa kwenye majaribio ya dawa mpya. Darasani sijawahi kuchaguliwa hata kufuta ubao. Nusu yetu tunameza dawa yenyewe, nusu wanameza vidonge vinavyofanana nayo lakini havina kitu ndani. Hata daktari hajui nani kapewa kipi. Haya yote nilimtafsiria mama kutoka lugha ya shule, kwa madaha, mpaka mjomba akazima redio anisikilize.

Alhamisi, 27 Machi
Kwenye benchi la kliniki yupo msichana wa rika langu, naye yumo kwenye majaribio. Manesi wanamwita Bingwa. Kanisogelea kunijulisha kuwa mkojo wake hautoi povu tena, yaani protini haivuji. Akauliza wangu vipi. Nikasema hiyo ni siri ya kitaalamu. Ukweli: una povu kama beseni la kufulia. Na nesi kasema anayezidi kuvuja atatolewa, arudi kwenye vidonge vya zamani. Vile vilinivimbisha mashavu hadi mwalimu wa zamu akaniuliza nimehamia lini shuleni hapo. Sirudi huko.

Jumapili, 6 Aprili
Kesho napeleka dumu la mkojo wa siku nzima. Nimemwaga kiasi, nikajazia maji ya bomba. Protini itapungua, ni hesabu tu. Kumbe nina kipaji.

Jumanne, 8 Aprili
Tumeitwa. Maabara wanauliza kama ule ni mkojo au maji ya kunawia. Daktari akaniuliza mbele ya mama nilifanya nini. Nikaonyesha bomba kwa kidole. Akasema taratibu kwamba majibu ya uongo yanaweza kuwadhuru wagonjwa nisiowajua, na nikirudia, nimetoka. Mlangoni kwetu mama akaniuliza hivi mwanawe amefikia kughushi hata mkojo. Niliona haya sana. Ila maabara nzima ilinijadili mimi.

Ijumaa, 9 Mei
Mkojo halali, tone kwa tone. Protini imeshuka nusu. Ya kweli kabisa. Daktari kasema huenda ni dawa, huenda siyo, mapema mno kujua. Mama alitaka kulibusu dumu, nesi akamzuia. Nilitoka kifua mbele.

Benchini nikamkuta Bingwa, macho mekundu. Povu lake halikuwahi kuisha. Alikuwa anajikaza tu. Kipimo kijacho kikiwa kibaya, anatolewa. Nikakaa naye.

Hapo ndipo nikatambua kosa langu. Maji! Maji lazima yajulikane. Lakini mkojo halisi, wa mtu wa rika lake, tena unaosifiwa na daktari, nani ataukataa?

Nimemwambia aje kwetu na dumu tupu. Wangu unatutosha wote wawili.