Injini Isiyopenda Kusimama

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimekasirika tangu jana na sijapata nafasi ya kukaa chini nikaandika. Sasa nimekaa.

Jana Pentekoste. Natoka Misa na Datsun yangu, polepole, dirisha wazi, namshukuru Mungu. Sylvester, kaka wa mke wangu, akanipita na Harrier yake nyeupe. Honi mara mbili. Kiti cha mbele kakaa nani? Marcelina, mke wangu wa miaka ishirini na sita, ananipungia mkono kama waziri. Nyumbani nikamuuliza. Akasema alikuwa na njaa, alitaka kula chakula cha mchana kabla ya jioni.

Daftari, wewe unaijua Datsun yangu. 240Z ya mwaka 1972. Milango miwili, viti viwili, pua ndefu. Niliipata kwa mwenye shamba la tumbaku kule Urambo, kwa kubadilishana na asali, nikiwa kijana. Imempeleka binti yangu Julieth kwenye Ubatizo, Komunyo ya Kwanza na Kipaimara. Ni kweli inakohoa. Mimi pia nakohoa.

Sasa Julieth anaolewa, Jumamosi ya tarehe 21, na Deus, mwalimu wa Igunga, kijana mtulivu. Katika harusi nzima kaniomba jambo moja tu: nimpeleke kanisani mimi mwenyewe, kwa Datsun. Sylvester kusikia, akasimama kwenye kikao cha kamati, akasema mtoto akipandishwa ile Datsun atatoka nyumbani bibi harusi, afike kanisani bibi kizee. Kamati ikacheka. Katibu alicheka mpaka akadondosha kalamu. Halafu wakaandika kwenye muhtasari: Datsun isipokuwa sawa ifikapo Ijumaa ya tarehe 20, bibi harusi atapanda Harrier.

Jana Padre alihubiri juu ya nguvu itokayo juu. Nimemwelewa. Nitaweka injini kubwa.

Jumatano, 11 Juni

Nimekwenda Nzega kwa Ngollo, anayeuza magari yaliyogongwa, kipande kwa kipande. Nimepata injini ya Toyota Mark II, silinda sita, ina turbo. Gari lenyewe liligonga ng'ombe huko Choma. Nilimuuliza Ngollo kama injini iliumia. Akasema ng'ombe ndiye wa kuulizwa hivyo, na hata yeye alipona. Tulibadilishana kwa mapipa mawili ya asali ya miombo, asali safi niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya wageni wa harusi. Wageni watakula maandazi.

Ngollo aliifunga injini kwenye gogo kwa minyororo akaiwasha. Gogo likasogea. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo nje ya kanisa.

Nimerudi Tabora nyuma ya lori la Fuso, juu ya magunia ya mpunga, nimeikumbatia injini. Njiani Harrier ikatupita. Sylvester aliniona. Alipunguza mwendo makusudi ili anione vizuri.

Ijumaa, 13 Juni

Nimekasirika na Luhende. Luhende ni fundi wangu, gereji yake iko hapa hapa Mtendeni, na ni mtu anayeongea kama anakatwa kodi kwa kila neno.

Ameitoa injini ya zamani. Nimempa Mussa wa mashine ya kusaga, aone kama itamfaa. Imeondoka juu ya mkokoteni. Sikuiangalia.

Injini mpya haiingii. Ni ndefu. Luhende alipima, akapima tena, akakaa chini, akanywa maji. Akasema pua ya injini inagusa rejeta, ile ya maji ya kupoza, kwa hiyo ama nitoe rejeta ama nitoe feni. Nikasema toa feni. Akasema bila feni injini itapozwa na upepo tu. Nikikimbia itapoa, nikisimama itachemka. Nikamjibu, nani anatafuta injini kama hii ili asimame nayo?

Akajifuta mikono. Akauliza, Baba Julieth, hili gari ni la kazi gani vile?

Nikamwambia la harusi, wiki ijayo, nampeleka mwanangu kanisani.

Akaangalia tena rejeta.  Akasema haya. Haya gani? Mtu anasema haya kisha anarudi chini ya gari. Dharau.

Jumapili, 15 Juni

Utatu Mtakatifu. Leo sikufanya kazi, ila nilipita gereji kuiangalia, na kuangalia si kazi.

Nimeungama hasira. Paroko akauliza hasira kwa nani. Nikataja Sylvester, Luhende, kamati yote na katibu peke yake. Akaniagiza nisali Rozari nzima kwa ajili ya Sylvester. Nimeisali. Fumbo la nne Harrier ikapita nje ikipiga honi, ikabidi nianze upya.

Jumanne, 17 Juni

Mambo mengi na yote yananiudhi.

Injini imeingia baada ya kukata ukuta wa mbele wa gari. Lakini haina pa kukaa. Luhende akasema anahitaji chuma cha pembe, kinene, cha zamani, si hivi vya siku hizi. Mjini hakuna. Nikarudi nyumbani nikawaza. Kitanda cha chumba cha wageni ni cha chuma cha zamani, kinene. Nikakitoa kupitia dirishani.

Nani alijua dada yangu Gaudensia angefika leo kutoka Urambo? Alitarajiwa kesho. Amefika na mikoba minne na kiuno kinachouma, amefungua mlango wa chumba, amekuta godoro liko sakafuni. Marcelina aliniita kwa jina langu la ubatizo, Fransisko Xavery, lote. Hilo mimi hulisikia mara moja kwa mwaka. Nimewaambia kitanda kimepelekwa kuchomelewa mguu. Kimechomelewa kweli. Sijasema uongo.

Boneti nayo haifungi. Tumeitoboa tundu, injini ichungulie. Inapendeza, kama faru.

Jioni Julieth alikuja gereji. Akaizunguka mara mbili. Nikadhani amefurahi kupita kiasi. Akauliza kwa sauti ndogo, Baba, ile ya zamani haiwezi kurudi? Nikamwambia ipo kwa Mussa, inasubiri kusaga mahindi. Akasema alitaka gari lile lile, liende vile vile. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, atafika kanisani kabla hajamaliza kufunga mlango.  Alifuta vumbi kwenye kioo kwa kidole chake, akaondoka.

Watoto wa siku hizi hawajui kushukuru. Nimekasirika, halafu nikasikitika, halafu nikakasirika kwamba nimesikitika.

Alhamisi, 19 Juni

Bwana asifiwe. Imewaka.

Nimetoka nayo barabara ya Nzega. Ee daftari. Miti ilikuwa inarudi nyuma kama inafukuzwa. Kabla ya Isikizya nikaona kitu cheupe mbele. Nikapiga ishara ya msalaba, nikakanyaga. Nilimpita Sylvester hata sikupata muda wa kupiga honi, ndiyo majuto yangu pekee. Nikageuza, nikampita tena kutoka mbele, nikapiga.

Trafiki akanisimamisha. Hakutaka leseni. Alitaka nifungue boneti. Akawaita wenzake wawili. Tuliposimama pale mshale wa joto ulipanda kidogo, ukafika karibu na nyekundu. Nikaondoka, ukashuka. Sawa kabisa, kama fundi alivyosema.

Kamati imekagua. Katibu ameandika kwamba Datsun imekubaliwa. Nilimwomba aandike kwa herufi kubwa. Sylvester alisema hana neno, ila akauliza kama nimewahi kuona msafara wa harusi ukienda mbio. Wivu.

Jumamosi, 21 Juni

Naandika nikiwa bado na suti. 

Saa tatu asubuhi tuko tayari. Julieth kaingia na gauni lote, limejaa gari mpaka sioni gia. Nikawasha. Mtaa mzima wa Mtendeni ukapiga vigelegele. Mpaka hapo, siku bora ya maisha yangu.

Kisha wapiga matarumbeta wakapanda pikapu yao, wakakaa mbele yetu. Nyuma ya pikapu kina mama wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, kwa miguu, wanacheza hatua mbili mbele, moja nyuma. Pembeni mpiga video, ananionyesha kwa mkono: polepole, mzee, polepole zaidi. Nyuma yangu Harrier.

Nimehudhuria harusi labda mia mbili maishani. Kila moja matarumbeta mbele, kina mama kwa miguu. Na Luhende aliniambia. Kwa nini hakuniambia kwa nguvu?

Tulipofika kwenye duka langu la asali mshale uko katikati. Kwenye kona, robo tatu. Kina mama wakafika sehemu ya wimbo ya kupiga magoti, wakayumba. Mshale ukagusa nyekundu. Moshi ukaanza kutoka kwenye tundu la boneti, mpiga video akafurahi, akasogea karibu. Nikaona gauni la mwanangu, nikaona mvuke. Nikamwambia Julieth, mama, shika kitu.

Nikawapita. Kina mama, matarumbeta, wote. Bibi harusi kayapita matarumbeta yake mwenyewe. Haijawahi kutokea Tabora.

Mshale ukashuka. Nikafika kanisani, watu wamejipanga nje, vigelegele. Lakini bibi harusi hashuki mpaka matarumbeta yafike, yamtangulie mpaka mlangoni. Hilo kila mtu anajua. Na mimi siwezi kusimama kuyasubiri. Nikapita.

Nikazunguka stesheni, nikarudi. Matarumbeta hayapo. Kumbe yamegeuza kwenda kumtafuta bibi harusi. Nikapita tena. Safari hii watu hawakupiga vigelegele. Walisimama tu, na nyuso zao zikatufuata.

Mara ya tatu Paroko alikuwa ngazini, ameshika mkono wenye saa. Deus alikimbia nyuma yetu hatua kumi hivi, na kiua chake cha kifuani. Julieth akampungia mkono. Akaniambia, Baba, amekonda, ee? Nilikuwa sina nafasi ya kumwangalia mkwe.

Mara ya nne sikugeuza stesheni, nilikamata barabara ya Kwihara ili nipate upepo mrefu. Watu wa misafara ya zamani walikuja njia ile miezi mitatu kutoka pwani, wakiwa na mizigo kichwani, na hakuna aliyechemka. Mimi kilometa tano. Mlio mmoja, kama sufuria imeanguka, kisha kimya. Gasketi ya injini imeungua. Chuma cha kitanda kimepinda, injini imelala ubavu.

Nilipiga usukani. Nilisema neno ambalo nitaliungama. Julieth akaanza kucheka. Alicheka mpaka wanja ukatoka. Nikamuuliza kinachomchekesha. Akasema hajui.

Wakatukuta wote. Matarumbeta, kina mama juu ya pikapu, Harrier. Dada Gaudensia alishuka, akainama kwenye tundu la boneti, akatazama vizuri. Akasema, Xavery, hiki si kitanda changu?

Sylvester alifungua mlango wa nyuma wa Harrier, akasema karibu, mjomba. Huwaita hivyo watoto wa dada yake, nao humwita hivyo. Julieth akasema hapandi. Akasema aliomba Datsun na baba yake, na wote wawili wapo. Basi Dada Gaudensia akafungua vitenge viwili, wakavisokota, wakaifunga Datsun nyuma ya Harrier.

Tukavutwa mpaka kanisani. Mwendo wa miguu. Matarumbeta mbele, kina mama wanacheza, Harrier, kitenge, sisi. Injini haina sauti. Julieth alilaza kichwa begani kwangu, akasema, sasa ndiyo linaenda vile vile. Akauliza kama nakumbuka siku ya Komunyo, lilizima mara tatu, na kila lilipozima tulikula pipi. Nikamwambia nakumbuka. Akasema ndiyo maana aliliomba: alijua litakawia. Hakutaka kufika haraka.

 Nilishika usukani. Nambari za Harrier zilikuwa mbele ya macho yangu njia nzima, herufi moja baada ya nyingine, na vumbi lake mdomoni. Nililia kidogo. Machozi ya vumbi.

Misa ilichelewa saa moja na nusu. Wameoana. Mungu ni mwema. Nimekasirika.

Jumapili, 22 Juni

Ekaristi Takatifu. Maandamano marefu, nimetembea kwa miguu kama watu wote. Kila aliyenisogelea amenipa mkono, amesema hajawahi kuona harusi nzuri kama ile, baba na binti wanakuja taratibu nyuma ya kitenge. Katibu wa kamati alisema alilia. Nimeona wananicheka kwa njia ya kunisifu.

Baada ya maandamano Mussa wa mashine alikuja nyumbani. Akasema injini ya zamani haijamfaa, anaweza kuirudisha kesho kwa mkokoteni, bure. Luhende naye alikuja, akasema itaingia nusu siku. Marcelina akasema itakuwa vizuri. Julieth akapiga simu kutoka Igunga, akauliza kama ni kweli, akasema tafadhali, Baba.

Wote wanne siku moja. Ni wazi wamepanga.

Nimefikiri wakati wa Rozari, na nimeliona kosa lilipokuwa. Kosa ni kwamba nilivutwa. Mdogo wake Julieth, Minza, anaolewa Desemba. Nataka siku hiyo mimi nimvute Sylvester, polepole kadiri kina mama watakavyo, kutoka Mtendeni mpaka kanisani, na Harrier yake imezimwa. Kwa kazi hiyo ile injini ilikuwa ndogo mno. Nimempigia Ngollo. Anayo ya silinda nane, kutoka Land Cruiser iliyoangukia korongo, na inakuja na feni mbili. Nimemwambia Mussa abaki na ile ya zamani, asage mahindi yake.

Inahitaji chuma kinene zaidi. Dada Gaudensia anaondoka kesho asubuhi. Kitanda anacholalia sasa ni kile cha Marcelina, cha chuma kinene kuliko cha wageni.