Wageni wa Bwawa la Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Mkutano ofisini kwa Daktari, mkuu wetu wa utafiti. Habari mbaya! Kituo kina mabwawa matatu, kila moja na mtunzaji wake. Yatabaki mawili. Ijumaa Daktari atapitisha wavu kila bwawa, atahesabu viumbe, kisha atalinganisha bwawa na bwawa, na kila bwawa na lilivyokuwa mwaka jana. Anataka tofauti, alisema. Bwawa linalofanana na jingine litafungwa. Na mtunzaji wake je? Daktari akaanza kufuta miwani. Tukaelewa.

La Pili analo mama mmoja mpole asiyenihusu. La Kwanza ni la shemeji, kaka wa mke wangu, mtu anayepima hata konokono kwa rula. Ana aina ishirini na mbili za viumbe. Mimi, Bwawa la Tatu, aina tisa. Tisa! Nimekwisha.

Mke wangu akauliza kwa nini nisiombe ushauri kwa kaka yake. Nikasukuma sahani, nikainuka.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata! Tofauti ni nini kama si wingi wa aina? Mwenye aina nyingi ndiye mshindi, hilo halihitaji digrii. Basi natafuta aina mpya. Ziko wapi? Kwa shemeji! Nimemwomba ndoo mbili, nikamwambia nasafisha stoo. Akanipa na brashi juu yake. Masikini, hajui lolote.

Jumatano, 5 Machi
Nimefika Bwawa la Kwanza kabla hajaamka. Nimeteleza mara mbili. Ruba aliniganda nyuma ya goti, akanyonya mpaka akatosheka. Lakini nimepata mende wa maji, viluwiluwi, konokono wa mistari, jumla aina kumi ambazo kwangu hazikuwepo. Nikazimwaga Bwawa la Tatu. Zikatulia kama zimezaliwa humo.

Kisha nikaona haya kwa ajili ya wenyeji. Nina minyoo fulani myeupe, myembamba, haina hata macho. Sura gani hiyo ya kumwonyesha Daktari? Nimeichota yote, nikaitupa mtaroni. Sasa bwawa linapendeza.

Alhamisi, 6 Machi
Shemeji amepita. Akasema bwawa langu limechangamka. Nikamjibu ni matunzo. Kisha akaniuliza kwa upole kama nilimwelewa vizuri Daktari. Eti kinachotakiwa ni kiumbe asiyepatikana mabwawa mengine, hata awe mmoja tu.

Nilijizuia nisicheke. Anaogopa! Anataka kunipoteza maboya! Alipoondoka kwenda kula nikarudi kwake na ndoo, nikaongeza aina tatu.

Ijumaa, 7 Machi
Daktari amepitisha wavu mara kumi, akamwaga kila kitu kwenye sinia jeupe. Aina ishirini na moja! Nikavimba kichwa. Nikamtazama shemeji; yeye alikuwa akimtazama konokono wa mistari.

Daktari akapiga hesabu zake. Akatueleza tena: mabwawa yakifanana kabisa, jibu ni sifuri, yasiposhiriki hata kiumbe mmoja, jibu ni moja. Langu na la shemeji: sifuri nukta sifuri tano. Nikadhani sifuri ni namba ya mshindi, nikampa Daktari mkono wa pongezi. Hakuupokea. Akasema tangu aanze kazi hajaona mabwawa mapacha namna hii, na kwamba Bwawa la Tatu la mwaka jana na la leo ni kama mabwawa mawili ya nchi mbili.

Halafu akauliza minyoo myeupe iko wapi. Haipo kwingine kokote, akasema. Ni kwa ajili yake tu bwawa hili lilitunzwa miaka yote.

Nikasema labda imehama. Shemeji akainamisha uso.

Jumamosi, 8 Machi
Barua imefika. Bwawa langu limefungwa. Nimemwaga unga! Nilikaa kitandani na viatu vyangu, nikalia, sifichi.

Mchana barua ya pili. Shemeji ameniombea kwa Daktari nibaki, niwe msaidizi wake Bwawa la Kwanza. Msaidizi! Wake! Mke wangu amempigia simu kumshukuru, mimi nikiwa nimesimama hapo hapo, akamwita kaka wa dhahabu. Laiti ardhi ingepasuka nikaingia.

Jumapili, 9 Machi
Nimetulia, nimefikiri. Kosa langu nimeliona: nilichelewa siku moja. Ningeanza Jumanne, nisingeshindwa.

Nasikia mwakani Daktari atalinganisha tena mabwawa mawili yaliyobaki. Safari hii nina mwaka mzima. Leo nimepita Bwawa la Pili nikijifanya natembea tu. Lina vyura wadogo wa kijani, wazuri ajabu, ambao kwetu Bwawa la Kwanza hawapo hata mmoja. Shemeji sijamwambia. Kufikia kesho jioni na sisi tutakuwa nao.