Besi kwa Awamu

Dokta Mdundo alipoliona lile gari kuukuu likiingia karakanani kwake, redio ikikoroma na mama wa makamo akiipiga makofi, moyo ulimjaa huruma. Si huruma kwa mama, jamani. Aliuhurumia muda wote alioishi bila kukutana naye.

"Mama, hii redio inateseka," alisema, mkono kifuani kama aliyefiwa.

"Mimi fundi cherehani tu, baba. Uwezo wa kununua mtambo mzima kwa mkupuo sina."

"Nani kasema mkupuo? Tunakwenda kwa awamu. Leo nyaya, mwezi ujao spika, halafu amplifaya, mwisho besi. Hata hutahisi."

Ufundi wa Dokta ulikuwa hivi. Kwanza alishusha kitufe cha besi kimyakimya, mteja asikie redio yake ilivyo mbovu. Kisha alijifungia ndani ya gari, akabandika magazeti kwenye vioo, eti kazi yake ni siri, akalala usingizi wa pono. Akiamka, alikipandisha kitufe kile kile na kufungua mlango. "Sikia tofauti!" Na tofauti ilisikika kweli.

Mama aliomba jambo moja tu: wakati anasubiri, akae ndani ya gari la Dokta mwenyewe, ajiburudishe.

Gari hilo lilikuwa roho ya Dokta. Jasho lote la kitufe alilizika humo: spika milangoni, amplifaya chini ya kiti, na nyuma boksi la besi lililokosesha majirani usingizi. Tena lilikuwa na kazi nzito mbele yake. Baba wa mchumba wake alishatamka kwamba hatamwoza binti yake kwa mbabaishaji. Kijana aje na gari, mzee ausikie huo ufundi kwa masikio yake. Asiporidhika, mchumba hana.

Basi mama akawa anakuja, awamu baada ya awamu, na kapu lake la vitambaa. Ajabu, kila aliporudi muziki wake ulikuwa mzuri kuliko alivyoondoka nao. Dokta alikuna kichwa, akawaza, mwisho akakubali yaishe: ana kipaji. Labda hata usingizi wake una baraka.

Mama naye hakuwa mchoyo wa sifa. "Na lako umeliongeza nini, mwanangu? Leo limenguruma mpaka meno yakanicheza!" Dokta akiwasha, kweli linanguruma, kichwa kinavimba. Ungemwambia akague vitufe angekucheka.

Awamu ya mwisho alimbebea hata kapu mpaka garini.

"Mbona zito hivi, mama?"

"Pasi ya makaa, baba."

"Pole sana, mama yangu."

Siku ya kwenda ukweni Dokta aliendesha bila muziki, utamu wote akiutunzia getini. Mzee alikuwa amesimama pale na ndugu zake. Dokta akashusha vioo vyote, akabonyeza.

Ikatoka sauti ya mbu mwenye mafua.

Akabonyeza tena. Mbu yule yule. Akakimbilia nyuma, akalifungua boksi la besi: vitambaa! Vya maua, vya mistari, hata mfuko mmoja wa suruali. Kabla hajameza mate, vioo vya nyumba vikaanza kutetemeka. Gari kuukuu lilikuwa linaingia getini, na mngurumo wake aliutambua mara moja, maana aliulea mwenyewe.

"Huyo dada yangu," mzee akasema kwa fahari. "Shangazi wa mchumba wako."

Shangazi akashuka, bisibisi ya cherehani ikichungulia mkobani.

"Shi-shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

Mzee alikuwa ameduwaa. "Dada, muziki huu umeupata wapi?"

"Kila kipande kimetoka kwa kijana huyu," alijibu, na hakusema uongo hata kidogo.

Dokta akalifunga boksi la vitambaa haraka. Aseme nini? Kwamba aliibiwa wakati amelala ndani ya gari alilodai analitengeneza?

"Nimeridhika!" mzee akamkumbatia. "Binti ni wako. Na gari langu utalifungia muziki hivi hivi, bure, maana sasa wewe ni mwanangu."

Furaha na kilio vilimpanda Dokta pamoja, asijue kipi akitangulize. Shangazi akamshika bega, akamsogelea sikioni.

"Usijibane, mwanangu. Nenda kwa awamu. Ila magazeti usibandike."