Kompyuta ya Severini na Jina la Mama Mkwe

"Prisca, mumeo anafuga jini!"

Chausiku hakunong'ona. Chausiku hajanong'ona tangu azaliwe. Hata siri zake huanza kwa yowe, halafu ndipo anakuomba usimwambie mtu. Pale bombani Bigwa wenye ndoo wote waligeuza shingo kama kuku waliosikia mwewe.

"Jini gani tena, dada?" Prisca aliuliza, akimhamisha mtoto Judith kutoka titi la kulia kwenda la kushoto.

"La karatasi! Mtu anafika dukani kwake, anasema nataka cheti changu. Mumeo hainuki. Hainuki, nakwambia! Anagonga vidude vyake, ta-ta-ta, jini linamwambia cheti kipo boksi fulani. Na jini lenyewe wala halitaki damu. Linakula umeme!"

Prisca alicheka mpaka mtoto akaachia titi. Jini lenyewe ilikuwa kompyuta. Tena ya mtumba.

Mumewe Severini alikuwa karani wa masjala katika kiwanda kimoja cha umma. Kiwanda kikauzwa. Mwekezaji akazipenda mashine, watu hakuwapenda. Basi kwa kuwa katika zama za soko huria kila mtu lazima auze kitu, waliopunguzwa wakatawanyika: huyu mitumba, yule maandazi, mwingine barafu za ukwaju. Severini akakaa kitandani siku nzima na viatu vyake, akafikiri, akainuka na kutangaza kwamba yeye atauza kumbukumbu.

Akafungua kibanda kando ya barabara iendayo milimani, akatundika kibao: SEVERINI HIFADHI YA NYARAKA. HATUSAHAU!

Na watu walileta. Mvua za Uluguru zinajulikana, mchwa wake wanajulikana, na panya wa huko milimani wanapenda vyeti kuliko mahindi. Severini alipokea karatasi, akajaza habari zake kwenye mashine, karatasi yenyewe akaitupia kwenye boksi lolote lililokuwa karibu. Maboksi ya sabuni na biskuti yakapanda mpaka darini bila mpango wowote ambao binadamu angeuelewa.

"Siri ni metadata!" alikuwa akiwaambia wateja, mikono nyuma, akitembea mbele ya maboksi yake kama mkuu wa mkoa anayekagua gwaride.

"Ndiyo nini hiyo, bwana Severini?"

"Karatasi ni bibi harusi. Metadata ni maneno yanayomtangulia: binti wa nani, katokea wapi, ana sifa gani. Ukishayajua hayo, hata umchanganye na mabibi harusi elfu moja, mimi nakutolea wako. Na shela lake!"

Kwenye kioo, kila hati ilikuwa na visanduku vyake vya kujaza: Mwenye Hati, Aina, Mahali, Maelezo, na mwisho Namba ya Boksi. Ukikiacha wazi hicho cha Mwenye Hati, mashine inagoma kama punda mbele ya daraja.

Prisca, ambaye alimpelekea chakula kila mchana, aliona jambo moja. Mumewe akiwa anajaza visanduku, hucheka peke yake. Furaha ya kazi, alijiambia. Mapenzi ni upofu, na mapenzi ya mama anayenyonyesha ni upofu uliochanganyika na usingizi.

Hati iliyomtia Prisca wasiwasi ilikuwa moja tu humo ndani. Ilikuwa ya mama yake, Magdalena wa Kinole: maandishi ya mpaka wa shamba la mdalasini na pilipili manga. Miaka yote yalikaa kwenye kopo la majani ya chai uvunguni. Severini akamshawishi, akayachukua "kuyaweka kisasa." Kwa desturi ya ukoo wao shamba lile hutoka kwa mama kwenda kwa binti. Lingekuwa la Prisca, halafu la huyu mdogo Judith aliyekuwa akimng'ata titi.

Ila tangu wafanyabiashara wa Dar waanze kupanda mlimani kununua viungo kwa bei ya mapatano, mipaka ya Kinole ilikuwa imeota miguu. Na mpaka wa jirani Yeremia ulikuwa mkimbiaji wa kimataifa.

Ndipo adhuhuri moja, Prisca akiwa dukani na hotpoti la ugali, pikapu ya ndizi ikasimama mbele ya kibanda. Akashuka Bwana Kibwana, mtendaji wa kata, na mkoba wake. Akashuka Yeremia, na kofia mpya. Akashuka Mama Magdalena, khanga imefungwa kwa ajili ya vita.

"Shikamoo, mama," Severini akasema akitazama sakafu, maana mkwe hakodolewi macho.

"Marahaba, baba. Karatasi yangu."

Mtendaji akajifuta jasho. "Acha nieleze mimi. Baraza limekaa. Yeremia anasema mpaka ni njia ya juu. Mama anasema mpaka ni kijito, na maandishi yapo kwako. Gari likimaliza kushusha ndizi, tunarudi kuweka alama. Tukirudi na karatasi, alama inakaa kijitoni. Tukirudi mikono mitupu, inakaa njiani, na kesi imezikwa."

"Zikeni tu," Yeremia akasema, akiirekebisha kofia.

Prisca akamkaza mtoto mgongoni. Kutoka kijitoni hadi njia ya juu ndiko iliko midalasini yote. Kinachobaki juu ya njia ni mawe na mijusi.

Lakini Severini alitabasamu kama mtu aliyeombwa kiberiti. "Hilo tu? Kaeni mkao wa kushangaa!" Akavuta kiti.

"Simama!" mtendaji akafoka. "Wewe ni mkwe wa mdai. Hushiki mashine hapa. Kesho Yeremia atasema umechomeka karatasi. Nitagonga mimi, nimepata semina ya kompyuta. Wewe taja, mimi naandika."

Prisca akaiona rangi ya mumewe ikihama taratibu, ikawa ya uji uliosahauliwa sukari.

"Nitaje?"

"Utaje. Mwenye hati nani?"

Severini akatazama dari. Akatazama maboksi. Mlangoni watu walikuwa wameanza kujaa, Chausiku mbele yao, amekuja kuliona jini. Kila mmoja alijua kwamba mwanamume mwenye adabu hatamki jina la mama mkwe wake, hata akibanwa na mlango.

"Mwacheni, ananiheshimu," Mama Magdalena akasema, na sauti yake ikalainika kidogo. "Andika Magdalena."

Mtendaji akagonga kwa kidole kimoja, kama kuku anayedonoa punje za uwele. Mashine ikanguruma, ikapumua.

"Inasema hakuna."

"Hakuna?" Yeremia akacheka. "Hatusahau!"

"Jaribu Mahali," Prisca akasema haraka. "Andika Kinole."

Mtendaji akadonoa. Kioo kikajaa mpaka chini, na bado orodha ilitaka kuendelea. Nusu ya Kinole ilikuwa humo. Nje, kundi la ndizi likatua chini, puu! Dereva akapiga honi.

"Mkwe wangu," Mama Magdalena akasema, ule ulaini ukiwa umekwisha, "jina langu hukuliandika?"

"Ningeliandikaje, mama?" Severini akajibu akiiambia sakafu. "Heshima! Kulitamka mwiko, kuliandika je? Mkono ulikataa. Na kisanduku hakikubali kuachwa wazi. Kwa hiyo niliandika... neno lingine. La kukumbukia."

"Neno gani?"

"Neno la kawaida tu."

"Baba Judith," Prisca akasema taratibu, "gari linamaliza kushusha."

Severini akainama sikioni mwa mtendaji, akanong'ona.

"Sikusikii!" mtendaji akasema. "Na kunong'ona kwenye kesi ni kosa. Sema baraza lisikie!"

Severini akafumba macho kama mtu anayechomwa sindano.

"Radi ya kiangazi."

Mtendaji akadonoa herufi moja moja. Mashine haikusita hata kidogo. Ikatoa hati moja, safi, haina mwenziwe dunia nzima.

Na Bwana Kibwana, kwa sauti ileile anayosomea matangazo ya mbio za Mwenge, akasoma kila kisanduku.

"Mwenye hati: Radi ya kiangazi. Aina: Mpaka wa shamba. Mahali: Kinole, mbali, Mungu ni mwema. Maelezo: Hupiga bila wingu. Akifika, ondoa vyombo vya kuvunjika. Boksi..."

"Boksi namba ngapi?" Mama Magdalena akauliza. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililowatisha waliomfahamu.

Boksi likashushwa. Karatasi ikatoka, ya njano, imekunjwa mara nne, na dole gumba la babu yake Yeremia mwenyewe chini: mpaka ni kijito. Yeremia akavua kofia, akaanza kuichunguza kana kwamba mpaka ulishonwa ndani. Prisca akashusha pumzi ambayo alikuwa ameishikilia tangu ndizi za kwanza.

Yangeishia hapo. Lakini mtendaji alikuwa amegundua kitufe chenye mshale, na mtu mwenye semina haachi kitufe bila kukijaribu. Akabonyeza.

"Mwenye hati: Redio Mbao," akasoma. "Aina: Cheti cha kuzaliwa. Mahali: Bigwa bombani. Maelezo: Inakamata hadi Msamvu bila eriali."

"Nani huyo maskini?" Chausiku akauliza kwa huruma. Watu wote wakamtazama. Akajitazama na yeye. "Mimi? Severini! Mimi?"

"Jina mtu husahau, dada yangu, lakini sifa..."

Ukweli ni kwamba kwa mkwe alianza kwa sababu ya heshima. Kisha akaonja utamu, na hao wengine wote wakafuata kwa sababu ya utamu. Ndiyo maana hakuna aliyeweza kupata kitu humo ila yeye, na ndiyo maana watu wakadhani ana jini.

Mtendaji alikuwa anacheka mpaka mkoba ukaanguka. Akabonyeza tena. "Mwenye hati: Njoo Kesho! Aina: Ofa ya kiwanja. Maelezo: Akiahidi daraja, nunua mtumbwi..." Kicheko kikakatika. Akasogeza uso karibu na kioo. "Hiki kiwanja si ni changu?"

Waliokuwa mlangoni wakaficha vicheko viganjani.

Bwana Kibwana akainuka, akajifunga kifungo cha koti. "Bwana Severini, leseni ya biashara hii nitaiona."

"Lini, mheshimiwa?"

"Kesh..." Akaling'ata neno. "Leo!"

Baada ya hapo kibanda kilikuwa kama soko la samaki saa za kufunga. Kila mtu alitaka karatasi yake, na kabla ya karatasi, alitaka kujua aliitwa nani. Maboksi yalishushwa, kofia ya Yeremia ikakanyagwa, na kuna babu alikataa kabisa kuondoka mpaka sifa yake isomwe mara ya pili, maana aliipenda.

Katikati ya vurugu Mama Magdalena akamkabidhi mtendaji karatasi. "Wewe tangulia ukaweke alama kijitoni. Ukoo wangu upo kule, watakuonyesha." Kisha akamgeukia mkwe wake. "Baba."

"Naam, mama."

"Kiangazi bado kirefu. Nitakaa kwenu mpaka mvua za vuli. Prisca, nitandikie mwanangu. Na vyombo vya kuvunjika, mwambie mwenyewe aviondoe, anajua utaratibu."

Akatoka kuelekea nyumbani, mgongo umenyooka, na mwenye macho angeona mabega yake yanatikisika kwa kicheko.

Severini akajiangusha juu ya boksi la sabuni. Kiti cha mashine kilikuwa kitupu. Prisca akakitazama, akamtazama mumewe, akakaa. Alikuwa na darasa la saba, na mchana ule wote alikuwa ameangalia kidole cha mtendaji kinavyokwenda.

"Hati yetu ya ndoa si imo humu?" akauliza kwa upole.

"Imo."

Akadonoa: P, R, I, S, C, A. Mtoto mgongoni akachungulia kioo juu ya bega lake. Mashine ikanguruma, ikasema hakuna.

"Wala si mkweo mimi," Prisca akasema. "Mimi jina langu unalitamka kila siku, hasa ukitafuta soksi. Uliniandika nani, Baba Judith? Niandike 'umande'? 'Njiwa'?" Vidole vyake vikatulia juu ya herufi, vikisubiri. "Au nibonyeze huu mshale?"

Severini akateleza kutoka kwenye boksi, akapiga magoti mbele yake, mbele za watu, mikono imeshikana kama siku ya kwenda kuposa.

"Mama Judith, mke wangu, sijawahi kukuomba kitu kikubwa. Leo nakuomba kimoja tu: usijifunze kompyuta!"